Thuo na Kiapo cha Matofali

Wanaume wengi wa mtaa wa Jericho, Nairobi, waliookoka miaka ile waliapa kuacha pombe. Thuo, fundi wa baiskeli, aliapa kuacha jengo.

Angeitaja pombe, mambo yangekuwa mepesi. Pombe ukiiacha umeiacha. Haiamki mwaka unaofuata imegeuka kinu cha unga, baadaye ikawa darasa la cherehani, kisha asubuhi moja ikawa kanisa na binti yako wa pekee anaimba ndani yake. Jengo ni kitu kingine. Linabaki pale pale ng'ambo ya barabara, limekukodolea madirisha, na wewe umeinama unatafuta tundu kwenye tyubu.

Watu waliliita Matofali, basi, bila jina la ukoo. Nyumba zote za baraza la jiji pale zilikuwa za kijivu, zimejipanga mistari kama watoto wa shule wanaongoja kukaguliwa kucha. Katikati yao, karibu na soko, lilisimama hili jengo jekundu kama mgeni aliyekuja matangani na suti ya harusi. Lilijengwa na tajiri mmoja Mhindi kabla ya Uhuru. Juu ya mlango alichonga jina lake kwa simiti, na kila mpangaji aliyekuja baada yake akalipaka rangi, hata jina likabaki vinundu tu, mfano wa upele uliopona.

Thuo alikuwa na jiwe lake ng'ambo ya barabara, na sanduku la spana, na beseni la maji ya kutafutia tundu. Kila alasiri jua lilipolipiga Matofali usoni, kuta zilibadilika rangi polepole, zikawa kama mkate uliotoka motoni, na hapo fundi alikuwa anapotea. Mikono ilibaki ikinyoosha spoki. Mwenyewe alikuwa ameondoka. Mtu angeweza kumsalimia mara tatu.

Alikokwenda kulikuwa na mkate. Maana jengo lile lilipoanza kumjua Thuo lilikuwa tanuri. Alikuwa kijana mbichi kutoka Murang'a, shingo nyembamba, na kazi yake ilikuwa kupeleka mikate kwa baiskeli yenye sanduku la mbao nyuma. Jericho, Maringo, Makadara, mpaka Bahati, vibanda vyote vilimjua kwa kengele. Mikate ilikuwa ya moto, na joto lake lilipenya sanduku likamkaa mgongoni, hivi kwamba hata Julai, mwezi ambao Nairobi humfanya mtu ajute kuzaliwa na masikio, Thuo alipita mtaani kama aliyebebwa na mama yake. Ukuta wa nyuma wa tanuri nao ulikuwa na wateja wake. Wanaume wasio na kazi walikuja kuuegemea asubuhi, migongo imegandamana na matofali, macho yamefumbwa, wanaota. Hakuna aliyewafukuza. Siku tajiri alipofunga tanuri akahamia ng'ambo ya bahari, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ukuta ulipoa kidogo kidogo, na wale wanaume waliendelea kuja kuuegemea karibu juma zima. Ukiwauliza wanafanya nini walisema wanasubiri.

Kisha likaja jambo la kusubiriwa kweli. Matofali likawa baa, na nyuma, pale mikate ilipokuwa ikipozwa, pakawa ukumbi wa muziki. Jumapili mchana palipigwa bugi, dansi ya vijana wa siku zile. Jericho nzima ya vijana ilikuwa mle ndani, na nusu ya mtaa jirani wa Ofafa. Nywele zilichanwa zikapanda juu hata mtu akiingia mlangoni ilibidi ainame. Thuo alikuwa na suruali ya miguu mipana iliyofagia sakafu yote bila kulipwa. Mkewe Warigia, aliyekuwa akifunga peremende kwenye kiwanda kimoja cha Industrial Area na akinukia sukari hadi vidole, alivaa viatu vya soli nene na akawa mrefu kuliko mumewe kwa saa nne kila wiki. Mtoto wao Jecinta, mchanga bado, walimlaza kwenye viti viwili vilivyosukumwa pamoja, karibu na spika. Alilala fofofo. Ni nyumbani, kwenye kimya, ndiko alikolia.

Sakafu ilikuwa ya simiti nyekundu iliyosuguliwa kwa nta. Ukiingia kutoka juani hukuona kitu, ila ule wekundu chini, kama unatembea juu ya machweo. Thuo hakuwa mchezaji mzuri. Alikuwa mchezaji mwenye furaha, ambalo ni tatizo kubwa zaidi kwa jirani zako ukumbini. Warigia alimwambia, "Baba Jecinta, hizo mbavu za watu si pedali." Naye alicheka hata akakosa pumzi.

Ubaya ulikuja kwa siku za kazi. Bugi ilikuwa Jumapili, lakini baa haikufungwa Jumatatu, na Thuo, aliyekwisha kuwa fundi wa baiskeli kwenye jiwe lake, alikuwa anavuka barabara mara moja tu, kuonja, na kuirudia barabara hiyo kwa magoti. Siku moja Warigia alimtuma mafuta ya taa. Akarudi siku ya pili, bila mafuta, bila chupa, na kiatu kimoja. Mtoto alikuwa na homa na nyumba ilikuwa imelala gizani. Warigia hakumgombeza. Alimwangalia ule mguu usio na kiatu, akaanza kuuosha, na Thuo akaona ni heri angepigwa.

Ndipo akaenda kwa ndugu.

Ndugu waliookoka walikutana uwanja wa soko Jumamosi. Mkubwa wao pale mtaani alikuwa Gichuru, muuza makaa, mtu mrefu mwenye kucha nyeusi na moyo, kwa maneno yake mwenyewe, mweupe. Desturi yao ilijulikana. Mtu alisimama mbele ya wote akaiweka dhambi yake nuruni, yaani akaisema, jina na mahali, na neno lililosemwa nuruni halikufutwa kisirisiri. Ukitaka kulibadilisha ulilirudisha pale pale, mbele ya masikio yale yale. Sasa kuna jambo moja kuhusu ushuhuda ambalo ndugu hawakupenda kulisema: aliyetangulia akishuhudia vizuri, wewe unayefuata umeshapata shida. Siku ile aliyetangulia alikiri ameiba bomba la maji la baraza la jiji, zima, na kulizika kwa shangazi yake. Watu walilia. Zamu ikamfikia Thuo na kiatu chake kimoja.

Akababaika. Akatafuta kitu kikubwa. Akageuka, akaliona Matofali limesimama ng'ambo ya barabara, jekundu, akalinyooshea kidole.

"Mle ndani," alisema, sauti ikipanda yenyewe, "sikuwahi kuona furaha hata siku moja! Ni giza tupu! Mguu wangu hautakanyaga tena ndani ya yale matofali mpaka Bwana arudi!"

"Amina!" uwanja ukapasuka. Gichuru akamkumbatia, akamwachia alama mbili za makaa kwenye shati. Warigia, aliyekuwa amesimama pembeni na mtoto mgongoni, aliitikia amina kama wengine, ila akamtazama mumewe kwa jicho la mtu aliyesikia wimbo anaoujua ukiimbwa kwa maneno mengine.

Thuo hakuonja tena. Hilo apewe. Lakini baa yenyewe haikudumu miaka mingi baada ya hapo. Mwenye leseni aligombana na mwenye jengo, viti vikatolewa nje vikiyumba kama walevi wa mwisho, mlango ukafungwa.

"Sasa uko huru," majirani walimwambia. "Baa imekufa."

"Hakutaja baa," alisema Gichuru, ambaye kichwa chake kilihifadhi viapo vya watu kuliko alivyohifadhi makaa. "Alitaja matofali."

Matofali likawa kinu cha unga. Jericho yote ilipeleka mahindi pale, isipokuwa fundi mmoja aliyesimama upande wa pili wa barabara, akampigia mkewe kelele kupitia mngurumo: "Mwambie asiusage laini sana!" Unga ulifunika kila kitu. Msagaji alitoka jioni amekuwa mzimu, kope nyeupe. Mwaka ule wa fujo za Agosti, wanajeshi walipojaribu kupindua serikali, vijana walivunja mlango kutafuta cha kupora, wakakuta pumba na vumbi, na juma zima baadaye walikana hawakufika huko, nywele zao zikiwa nyeupe kama za babu zao. Kisha ukaja ukame, na jengo likawekwa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo, magunia hadi darini, na watu wakapanga foleni wakiyatukana na kuyanunua. Thuo alipanga foleni mpaka kizingiti cha mlango, akamwomba mtu wa mbele yake ampokelee.

Baada ya mahindi zikaja cherehani. Mama mmoja alifungua darasa la ushonaji, na Jecinta, aliyekwisha kuwa msichana wa kwenda na kurudi mwenyewe, akajiandikisha. Hapo Thuo alipata mazoea mapya. Saa saba mchana aliacha jiwe, akavuka na sufuria ya chakula iliyofungwa kitambaa, akampitishia binti yake dirishani.

"Baba, mlango uko hapo tu."

"Dirisha pia liko hapo tu."

Alipenda kubaki kidogo, viwiko kwenye kizingiti cha dirisha, akisikiliza mashine ishirini zikikimbia bila kufika popote. Macho yake yalienda chini, kwenye sakafu. Nta ilikuwa imekwisha lakini wekundu ulikuwepo, chini ya nyuzi na vipande vya vitambaa. Alitazama muda mrefu kuliko inavyompasa mtu anayetazama giza tupu.

Na mwisho, mwishoni mwa miaka ya themanini, cherehani zikahama, wakaja watu wa kanisa. Si kanisa la ndugu. Lilikuwa kanisa la magitaa, ngoma kubwa na vijana wanaoruka. Gichuru alisema wameondoa baa wakaacha muziki wake. Jecinta akaingia kwaya. Kwenye gitaa la besi alikuwa kijana mmoja mpole, Kisilu, karani, mtoto wa wachonga vinyago, ambaye shangazi yake, Nthoki, alikuwa akiuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, hatua chache kutoka kwenye jiwe la Thuo. Besi lile lilivuka barabara kila Jumapili likapita chini ya jiwe, na Thuo, ambaye Jumapili hakuwa na kazi pale, alikuwa hakosi kuwa na spana moja aliyoisahau.

Basi watu wakapendana, wazee wakaonana, mbuzi wakazungumziwa na pande zote mbili, na siku ikatajwa. Harusi itakuwa Matofali.

Jecinta alikuja mwenyewe kwenye jiwe. Aliketi juu ya tairi, akajifunga leso magotini.

"Baba, najua ulichosema uwanjani. Nimekua nikikisikia. Sikuombi uvunje neno lako."

"Ehe."

"Amu yuko tayari kunishika mkono. Mjomba naye yuko tayari. Mpaka wazee wa kanisa wamejitolea. Nimewakatalia wote."

Thuo akazungusha gurudumu lisilokuwa na shida.

"Sitaingizwa na baba wa kuazima," alisema Jecinta. "Ukiingia, nitaingia na wewe. Usipoingia, nitaingia peke yangu, niwe bibi harusi wa kwanza Jericho anayejipeleka kama barua. Sitakulaumu. Lakini nafasi yako haitakaa mtu."

Akainuka, akapangusa vumbi, akaenda. Thuo akabaki na gurudumu linalozunguka, na ndani ya spoki, pale zinapogeuka ukungu, aliona jengo lote likizunguka pamoja nazo: mkate, nywele, unga, nyuzi.

"We fundi," alisema Nthoki, aliyesikia kila neno na hakuona haja ya kuficha. "Nina dawa yako."

"Githeri yako si dawa, ni ugonjwa."

"Ulisema mguu hautakanyaga. Si ndiyo? Basi panda baiskeli! Unaingia juu yake pole pole, mtoto amekushika mkono, unafika madhabahuni, unarudi. Mguu haujagusa chini. Hata kengele unaweza kupiga."

Wateja wa githeri wakacheka hata mmoja akapaliwa na maharagwe.

"Au tukubebe kwa mkokoteni," Nthoki akaendelea. "Au tutandike mkeka, ukanyage mkeka. Mwenyewe ulisema ndani ya matofali, na wale wamepiga plasta ukuta mzima kwa ndani. Hakuna tofali unaloliona. Mimi ningekuwa wakili, Thuo, nyinyi wanaume mngelala jela mkinishukuru."

Thuo alicheka pia, lakini jioni, akikunja vifaa, akajikuta anawaza ule mkeka kwa bidii ya kutisha. Ukiona mtu mzima anapima upana wa mkeka na kiapo, ujue amezidiwa.

Akaenda kwa Gichuru. Muuza makaa alimsikiliza huku akijaza debe.

"Neno ni lako, Ndugu Thuo. Unaweza kulirudisha nuruni. Simama Jumamosi uwanjani, useme kwa nini. Ndugu watapima."

"Niseme kwa nini?"

"Ndiyo. Useme kilichobadilika. Siyo kusema tu 'binti yangu anaolewa'. Kila mtu ana binti. Useme ukweli wa jambo."

"Na nikishindwa kusema?"

Gichuru akafikiri, maana si mtu mbaya. "Basi simama nje mlangoni. Mchungaji akiuliza nani anamtoa binti huyu, wewe jibu kwa sauti kupitia dirisha. Sauti si mguu."

Kwa hiyo Thuo akawa na mapendekezo manne: baiskeli, mkokoteni, mkeka na dirisha. Aliyaleta nyumbani, akamwaga mbele ya mkewe kama mtu anayemwaga misumari kutafuta iliyonyooka. Warigia alikuwa anachambua mchele wa harusi kwenye ungo. Chumba kilikuwa kimejaa marinda yasiyokwisha kushonwa, yananing'inia kila msumari, meupe, yakipumua upepo wa dirishani.

"Wewe unaonaje, Mama Jecinta?"

"Mimi naona hujaniambia unachoogopa."

"Naogopa neno langu."

"Hapana." Akapuliza makapi. "Tumelala kitanda kimoja miaka yote hii. Ungekuwa unaogopa neno, ungekuwa umeingia na mkeka zamani. Unaogopa nini mle ndani, Thuo?"

Alikuwa hamwiti Thuo ila kwa nadra. Fundi akaketi. Akaangalia viganja vyake, mistari yenye grisi isiyotoka, na maneno yakamtoka kama upepo kwenye tyubu, polepole, hujui hasa unatokea wapi.

"Nilidanganya uwanjani."

Warigia akaendelea kuchambua.

"Nilisema sikuona furaha hata siku moja. Watu wakalia. Gichuru akanikumbatia. Nami nilijua hata mdomo haujafunga kwamba ni uongo. Pombe iliniharibu, hilo ni kweli, lile la mafuta ya taa sitalisahau. Lakini Jumapili..." Akasugua grisi kiganjani. "Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Hata baada ya kuokoka. Nasema kweli mbele za Mungu, ningali najitahidi kuifikia. Sasa nikiingia mle, nikiona ile sakafu, na lile besi la Kisilu linagonga, nitaitamani. Siyo bia. Ile bugi. Nitasimama mbele ya mchungaji, nimemshika binti yangu mkono, huku moyoni najuta kuokoka. Ndiyo maana sivuki."

Warigia akapepeta mchele mara mbili. Kisha mabega ya Warigia yakaanza kutikisika, na Thuo akadhani analia, akamwinamia. Alikuwa anacheka. Alicheka hata ungo ukainama, mchele ukamwagika mkekani.

"Kwani ulidhani uliicheza peke yako?" akasema, akipangusa macho kwa kanga. "Nilikuwa nakungoja wewe uliseme. Mwaka baada ya mwaka. Nikipeleka mahindi kinuni, kila nikikanyaga ile sakafu, miguu inaniuliza. Nikasema huyu mume wangu ameapa hakukuwa na furaha. Labda ni mimi peke yangu niliyekuwa na furaha. Labda nilikuwa nacheza na mtu mwenye huzuni, sikujua. Unajua hilo linavyouma? Afadhali ungeniambia ulikuwa na mwanamke mwingine kona ile."

Thuo akapigwa na butwaa. Hakuwa amefikiri kamwe kwamba neno lile la uwanjani lilikuwa limemgusa mtu mwingine. Alikuwa amelichukulia kama mzigo wake, anaubeba mwenyewe kishujaa. Kumbe ncha ya pili ilikuwa begani kwa mkewe.

"Ulikuwa unacheza na mtu mwenye furaha," akasema mwishowe.

"Na asiyejua kucheza."

"Na asiyejua kucheza."

Wakaokota mchele pamoja, punje moja moja, bila haraka, kama watu wanaookota kitu kingine.

Jumamosi Thuo alisimama tena uwanjani. Hakuwa na kitu kikubwa safari hii, na hakutafuta. Alisema: nilisema uongo katika ushuhuda. Nilisema hapakuwa na furaha, na ilikuwepo. Nililiapia jengo kwa sababu niliogopa kuisema furaha hiyo. Pombe nimeiacha na nitaiacha. Jengo naliomba mnirudishie.

Ndugu wakatazamana. Ndugu walizoea mtu kukiri wizi, wivu, hasira, hata lile bomba la maji. Hakuna aliyewahi kukiri furaha. Hawakujua waimbe wimbo gani. Mzee mmoja alikohoa. Gichuru alitazama kucha zake.

"Ndugu Thuo," akasema mwisho, "sisi hatujui la kukuambia. Nenda na dhamiri yako. Lakini mimi sitaingia pale. Nitakuja, nitasimama langoni."

"Nitafurahi ukisimama langoni," Thuo akasema, na akakaa.

Siku ya harusi ilifunguka na ukungu mwembamba, ule wa Nairobi unaokaa mitaani asubuhi kama umesahau njia ya kwao. Matofali lilielea ndani yake, rangi yake imefifia, na karatasi za rangi zimezungushwa mlangoni. Nthoki alikuja amefunga kilemba kipana hata watu watatu nyuma yake wakabahatisha tu kilichokuwa kikiendelea. Alimtazama Thuo miguuni, akakuta viatu viwili, vimeng'arishwa.

"Sioni baiskeli," akasema.

"Leo nimekuja kama watu."

Gichuru alikuwa langoni, koti jeusi, kofia mkononi. Thuo akamwinamishia kichwa. Jecinta akashuka kwenye gari la kuazima, gauni alilolishona mwenyewe limejaa mlango mzima wa gari. Alimwona baba yake amesimama pale ngazi ya kwanza. Hakuuliza. Alisimama tu upande wake wa kushoto, mkono umekunjwa kidogo, umeachwa wazi, kama mlango ambao mtu hakuufunga makusudi.

Ndani, besi likaanza.

Thuo akaushika mkono ule. Akainua mguu, akauweka.

Kutoka kwenye mwanga hakuona kitu, ila ule wekundu chini. Walikuwa wameupaka nta upya kwa ajili ya harusi. Akatembea juu yake, na kilichomjia hakikuwa baa wala tanuri, kilikuwa vyote kwa pamoja, havigombani: joto mgongoni, vumbi jeupe linalocheza kwenye miale ya dirisha, magunia, nyuzi, harufu ya sukari kwenye vidole vya mtu. Alitembea polepole mno. Mpiga ngoma alilazimika kurudia kifungu.

"Baba," Jecinta alinong'ona bila kusogeza midomo, "tembea. Kisilu atazeeka."

"Mwache azeeke. Nimefika sasa hivi."

Akamfikisha. Mchungaji akauliza nani anamtoa binti huyu, na Thuo akajibu kwa sauti ambayo hata dirisha halikuwa na haja ya kuifikisha nje. Kisha akaenda kuketi karibu na Warigia, na ibada nzima mguu wake mmoja ulikuwa ukifanya jambo lake chini ya kiti. Warigia aliuona. Hakuukanyaga.

Ilipokwisha, watu walimiminika nje kwa vigelegele na mchele wa kurusha. Ukumbi ukabaki na viti vilivyokaa mshazari na Thuo amekaa kati yavyo, mikono magotini. Warigia alitoka na wageni, akafika mlangoni, akageuka, akarudi. Viatu vyake vilisikika vizuri mle ndani, moja, moja, moja.

"Ni kama ulivyoogopa?"

"Mbaya zaidi."

"Kwa nini?"

Akatazama dari, kuta zilizopakwa chokaa, pembe ambayo spika ilikuwa ikisimama. "Ni pazuri," akasema. "Bado ni pazuri. Na sijuti kuokoka hata kidogo. Nilikuwa nimejitayarisha kuchagua, sasa sijui nifanye nini na matayarisho yote haya."

Warigia akaketi. Bega lake likakaa kwenye bega la mumewe. Nje mpiga picha alikuwa anapanga jamaa: mama wa bwana harusi hapa, shangazi mwenye kilemba nyuma tafadhali, nyuma kabisa. Kisha sauti yake ikapanda.

"Wazazi wa bibi harusi wako wapi? Baba yuko wapi?"

Kelele zikapungua. Na kabla mtu mwingine hajajibu, langoni, Gichuru akajibu kwa niaba ya wote, bila ukali wala utamu, kama anayetaja mahali pa kitu cha nyumbani:

"Yuko ndani."